Somo la 14: Je, Masomo ya Teolojia Humpa Mtu Mamlaka Katika Dini?



Wakristu wapenzi, ninyi mlioketi karibu na redio zenu, na ninyi mtakaosoma maneno haya katika kijitabu baada ya kazi za shamba, leo twataka kueleza swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi nje ya kapela, sala ya Jumapili ikiisha. Huulizwa hivi: mwalimu wetu wa dini alisoma madarasa machache tu. Sasa mtoto wa kijiji amerudi kutoka mjini, naye ana diploma ya teolojia, na anasema kwamba mwalimu hajui kitu. Basi tumsikilize nani?

Swali hili lina uzito kila mahali, lakini huwalemea zaidi watu wakaao mbali na misioni. Tufikiri juu ya Hombo. Njia kubwa itokayo Bukavu hupita Bunyakiri, huingia msituni, kisha hufika kwenye mto Hombo. Upande huu ni Kivu ya Kusini, ng'ambo ni Kivu ya Kaskazini, nchi ya Walikale. Mvua ikizidi, njia hugeuka matope. Vita vikija, watu hukimbilia porini na vyungu vyao kichwani. Padri asipoweza kufika kwa wiki nyingi, ni nani aongozaye sala ya Jumapili? Ni nani awafundishaye wakatekumeni, na kuwaombea wagonjwa, na kuwazika wafu? Ni mwalimu wa dini. Watu wakianza kumdharau, hasara si ya heshima yake tu. Usiku wa manane mama hushika mkononi mtoto mchanga anayekata roho, naye hujiuliza: mwalimu huyu asiye na diploma, je, ubatizo wake ni wa kweli mbele ya Mungu? Ama nimngojee mtu aliyesoma? Wakristu, mtoto huyo hawezi kungoja. Kwa hiyo hatuna budi kulijibu swali hili kwa wazi.

Tuanze kwa maneno machache ya kushika kwa moyo.

Swali: Mamlaka ya kufundisha dini yatoka wapi?
Jibu: Yatoka kwa Yezu Kristu, aliyewatuma Mitume wake, nao Maaskofu, walio warithi wa Mitume, huwatuma wengine kwa jina la Kanisa.

Angalieni neno lile, kutuma. Ninyi mnajua desturi ya mjumbe wa mwami. Mjumbe huingia kijijini, nao wazee husimama kumsikiliza. Je, husimama kwa sababu ana akili kupita wote? Hapana, pengine wamo wazee wenye hekima kumpita mara kumi. Husimama kwa sababu mwami amemtuma. Lakini mjumbe akilisahau neno alilopewa, au akilichanganya na maneno yake mwenyewe, ujumbe umeharibika, na watu watatenda jambo ambalo mwami hakuliagiza. Ndivyo ilivyo katika dini. Kutumwa ndiko kumpako mtu mamlaka. Elimu humsaidia asipoteze neno alilokabidhiwa. Ni vitu viwili, wala kimoja hakiwezi kukaa mahali pa kingine.

Wako wanaolidharau jambo la masomo kabisa. Husema: Mitume walikuwa wavuvi, hawakusoma; Roho Mtakatifu anatosha. Ni kweli kwamba wakubwa wa Yeruzalemu waliwastaajabia Petro na Yoane, wakiwaona kuwa watu wasio na elimu. Lakini wavuvi hao walikaa na Bwana wetu wakati wote wa mahubiri yake, wakimsikiliza mchana na kumwuliza usiku, wakikemewa walipokosa kuelewa. Seminari gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Tena, Bwana alipotaka mtu wa kupeleka Injili kwa mataifa, alimchagua Paulo, aliyefundishwa sheria miguuni pa Gamalieli, bwana mkubwa wa elimu. Roho Mtakatifu hapendi uvivu.

Kanisa limejifunza jambo hili kwa uchungu. Zamani, huko Ulaya, mapadri wengi waliwekewa mikono bila mafundisho ya kutosha, na mambo mengi mabaya yalitokea humo. Ndiyo sababu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru Maaskofu wafungue seminari. Na hata leo sheria ya Kanisa yataka kijana atakaye upadri asome filosofia na teolojia kwa miaka 6 mizima au zaidi. Mtu aweza kuuliza: miaka yote hiyo ya nini, wakati kapela nyingi hazina padri? Jibu ni kwamba makosa ya dini huwa si mapya. Kosa lililokanushwa na Maaskofu miaka 1500 iliyopita hurudi likivaa shati jipya, likipigiwa ngoma na kinanda. Aliyesoma habari za mababa wa Kanisa hulitambua haraka, kama mwindaji atambuavyo unyayo. Asiyesoma aweza kudhani kwamba ni ufunuo mpya, akauza mbuzi zake kwa sababu mhubiri amemtajia siku ya mwisho wa dunia.

Nchi hii ya Walikale na Masisi haihitaji kutafuta mfano wa mbali. Wazee walisimuliwa na baba zao habari za mwaka 1944, wakati wa vita ya pili ya ulimwengu. Mafundisho ya Kitawala, ambayo asili yake ni Mnara wa Mlinzi na ambayo yalipanda kutoka nchi za kusini, yalikuwa yameenea katika misitu ya Lubutu mpaka Walikale na Masisi. Akainuka mtu mmoja jina lake Bushiri, akajitangaza kuwa mwakilishi wa Yezu. Watu wakamfuata, uasi ukazuka, damu ikamwagika. Serikali ya wakoloni ikauzima uasi huo kwa ukali mkubwa, damu ikamwagika zaidi, naye Bushiri akashikwa.

Tuseme haki juu ya watu wale. Hawakumfuata kwa ujinga tu. Walikuwa wamechoshwa na kazi za lazima, utomvu wa mpira na migodi, ambazo ziliongezwa kwa ajili ya vita ya Wazungu. Kilio chao kilikuwa cha kweli, na wengi waliosoma shule kubwa kubwa hawakukisikiliza. Hata hivyo tunauliza: mtu yule alitumwa na nani? Na neno alilolisema, ni nani aliyelipima? Hakuwako wa kumwambia, Ndugu, hapa umekosa. Mtu asemaye kwamba Mungu humfundisha peke yake, bila Kanisa wala kitabu wala ndugu, hana wa kumrudisha njiani akipotea, na wanaomfuata hupotea pamoja naye.

Kwa hiyo msiwasikilize wale wanaosema kwamba masomo ya mapadri ni mambo ya Kizungu yasiyotufaa. Zamani wako hata Wazungu waliodhani kwamba Mwafrika hawezi kuyafikia masomo hayo, au kwamba yampasa kupewa nusu tu, awe msaidizi wa padri mgeni. Monsinyori Victor Roelens, wa shirika la Mapadri Weupe, hakukubali nusu. Huko pwani ya ziwa Tanganyika aliwafundisha vijana Kilatini, na filosofia, na teolojia, kama ilivyofundishwa Ulaya. Wengi walirudi nyumbani kabla ya mwisho. Stefano Kaoze aliendelea mwaka baada ya mwaka, na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambako leo twapaita Moba, alipewa daraja la upadri, Mkongomani wa kwanza katika siku za ukoloni wa Wabelgiji. Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, Papa Benedikto wa 15 aliandikia Kanisa lote barua juu ya misioni, akiagiza kwamba mapadri wenyeji wasifundishwe kijuujuu, bali wapewe malezi kamili, wapate siku moja kuwaongoza watu wao wenyewe. Padri Kaoze aliishi mpaka mwaka 1951. Kila Mkongomani aliyepata kuwa padri au Askofu baada yake alipita katika mlango ule.

Mpaka hapa aliyesoma teolojia aweza kufurahi. Asifurahi upesi mno.

Kumbukeni habari za Mamajusi. Walipofika Yeruzalemu wakauliza mfalme mpya amezaliwa wapi, Herode aliwaita makuhani na waandishi. Nao walijibu bila kusitasita: Betlehemu. Walikijua kitabu, walijua na sura yake. Je, walikwenda? Hakuna hata mmoja aliyefunga viatu vyake. Waliokwenda ni wageni, wasiojua Maandiko, waliokuwa na nyota tu. Waandishi wale walikuwa kama kibao kilichowekwa njia panda: huonyesha Betlehemu mchana na usiku, nacho hakiendi.

Tena masomo hayamzuii mtu asikose, ikiwa ataanza kulifanya neno la Kanisa kuwa mali yake. Tutawasimulia jambo lililotokea Marekani, katika jimbo kuu la Detroit, ambalo lilijulikana ulimwenguni mwaka 2020. Sikilizeni vizuri, kwa sababu linatuhusu sisi wa vijijini kuliko tunavyodhani.

Katika parokia moja ya huko alikuwako shemasi, mtu aliyefundishwa na kupewa daraja kwa sheria zote. Kwa miaka kadhaa, alipobatiza, hakusema, Ninakubatiza. Alisema, Tunakubatiza. Pengine aliona kwamba neno hilo ni zuri zaidi, likionyesha kwamba wazazi na jamaa wote wanampokea mtoto. Ni silabi moja tu iliyobadilika. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 2020 Roma ilijibu kwamba ubatizo wa namna hiyo si ubatizo. Kwa maana anayebatiza kweli ni Kristu mwenyewe kwa mkono wa mtumishi wake. Jamaa na kijiji hawabatizi, wala mtumishi hana ruhusa ya kuyageuza maneno ya sakramenti kwa kuwa ameona yanapendeza.

Basi palikuwako padri mmoja kijana katika jimbo lile lile. Alipoangalia filamu ya ubatizo wake mwenyewe wa utotoni, akamsikia shemasi akisema, Tunakubatiza. Fikirini moyo wake ulivyostuka! Alikuwa hajabatizwa. Na asiyebatizwa hawezi kupokea daraja takatifu. Miaka yake ya seminari ilikuwa ya kweli, mitihani aliifaulu, Askofu alimwekea mikono mwaka 2017. Lakini hakuwa padri. Misa alizosoma hazikuwa Misa; maungamo aliyosikia hayakuwa na maondoleo. Katika mwezi ule ule wa Agosti alibatizwa, akapewa Kipaimara na Ekaristi, kisha ushemasi na upadri. Nao waumini wakatafutwa mmoja mmoja ili mambo yao yatengenezwe.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikuhitaji kutengenezwa. Watoto aliowabatiza yeye, akiwa bado hajawa Mkristu bila kujua, walikuwa wamebatizwa kweli kweli. Kwa nini? Kwa sababu alitumia maji, alisema maneno sahihi, na alitaka kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Na kwa ubatizo Mungu hakudai zaidi ya hayo kwa mtu yeyote.

Basi waza mwenyewe. Mwalimu wa dini katika kijiji cha msituni, asiyejua Kilatini hata kidogo, aliyeshika maneno ya ubatizo kama alivyoyapokea kwa padri wake, asiongeze, asipunguze: yeye ametenda sawasawa, wakati mtu wa daraja, wa mji mkubwa, alikosa. Hatusemi hivi ili kuwacheka waliosoma. Hata yule aliyeligundua kosa aliligundua kwa sababu alikuwa amesoma, akajua silabi moja ina uzito gani. Mjinga angalicheka, akasema ni kitu kidogo. Elimu ya mmoja ilifichua kosa la mwingine. Kilichomponza yule wa kwanza ni kutosheka na akili yake.

Hapa wengine huuliza jambo jingine: je, ikiwa padri amesoma sana, lakini mwenendo wake ni mbaya? Swali hilo ni la zamani, tena ni la Waafrika. Katika Afrika ya Kaskazini, miaka 1600 iliyopita, Wakristu waitwao Wadonati walifarakana na Kanisa wakisema kwamba sakramenti za padri mwovu hazifai. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, mmoja wa wasomi wakubwa kupita wote tulio nao, aliwajibu kwamba sakramenti ni za Kristu, wala uchafu wa mfereji hauyageuzi maji ya chemchemi hiyo. Kwa hiyo msiikimbie Misa kwa sababu ya udhaifu wa padri. Lakini padri naye ajue kwamba mahubiri yake si sakramenti. Hayo watu huyapima kwa maisha yake, na wakimwona hatendi asemayo, masikio yao hufungwa, hata awe na diploma ngapi.

Sasa turudi kijijini, kwa mwalimu na yule kijana aliyesoma. Tuwafanyeje? Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatupa habari inayofaa kana kwamba imeandikwa kwa ajili yao.

Palikuwa na mtu jina lake Apolo, Myahudi wa Aleksandria. Aleksandria ulikuwa mji wa vitabu na wa shule kubwa. Alikuwa na ulimi mzuri, aliyajua Maandiko barabara, na moyo wake uliwaka. Alifika Efezo akaanza kufundisha habari za Yezu bila woga. Lakini katika elimu yake yote palikuwa na pengo: alijua ubatizo wa Yoane peke yake. Katika watu waliomsikiliza walikuwamo mume na mke, Akwila na Prisila. Kazi yao ilikuwa kushona mahema, kazi ya mikono, na Paulo aliwahi kukaa kwao na kushona pamoja nao. Wao wakasikia lile pengo.

Walifanya nini? Hawakusimama katikati ya mkutano wakapaza sauti, Huyu hajui! Wala hawakwenda sokoni kumnong'ona. Wala hawakunyamaza wakisema, Sisi ni mafundi tu, tutamwambia nini mtu wa Aleksandria? Walimchukua kando, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na tazameni unyenyekevu wa Apolo. Hakuwauliza, Ninyi mlisoma wapi? Alipokea. Na baada ya hapo ndugu wakamwandikia barua ya kumpendekeza, akaenda ng'ambo, akawasaidia sana waamini wa huko kwa elimu yake ile ile, ambayo sasa ilikuwa imekamilika.

Nawe kijana uliyerudi na diploma, tunakuheshimu. Wazazi wako waliuza muhogo na ndizi upate kusoma, na Kanisa linahitaji wasomi walei wenye imani. Lakini diploma yako yaonyesha kwamba umejifunza. Haionyeshi kwamba umetumwa. Nenda kwa padri, umwambie, Nipo, nitumie. Na ukimsikia mzee mwalimu akikosa, mfuate nyumbani kwake jioni, keti chini, umwite baba kama ulivyomwita alipokufundisha ishara ya msalaba. Aliyekufundisha ishara ya msalaba hawezi kuwa mtu asiyejua kitu.

Nawe mwalimu, usijikinge nyuma ya mvi zako. Kutumwa kwako ni kwa kweli, na ndiyo sababu unadaiwa zaidi. Kuuliza si ujinga. Usipojua jibu la mkatekumeni, mwambie, Nitamwuliza padri. Kisha ukamwulize kweli, usimpe jibu la kubuni kwa kuogopa aibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwasifu sana makatekista, na katika maneno yale yale uliwataka wafundishwe vema na wazidi kujifunza. Papa Fransisko, tarehe 10 Mei 2021, alitoa barua ya kuifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa, ambayo Askofu huitoa kwa ibada. Humo pia alitaka wapewao huduma hiyo wawe watu wa imani kubwa na waliopata malezi. Alipokuja Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, alikutana na vijana na makatekista pamoja, katika uwanja wa Mashahidi. Aliwaweka pamoja, nasi twaona ilikuwa vema.

Mtu asidhani kwamba Kanisa hudharau elimu ndogo ya mtu aliyetumwa. Huko Uganda ya kaskazini, mwishoni mwa mwaka 1917, vijana wawili, Daudi Okelo na Jildo Irwa, walipelekwa Paimol kufundisha dini. Walikuwa wamebatizwa mwaka 1916 tu, na Jildo alikuwa bado mtoto. Waliyoyajua ni sala na katekismu. Waliwakusanya watoto, wakawafundisha hayo waliyoyajua, wala hawakujifanya kujua zaidi. Walipotishwa waache kufundisha waondoke, walikataa, wakauawa kwa mikuki mwezi wa Oktoba mwaka 1918. Papa Yoane Paulo wa Pili aliwatangaza Wenye Heri mwaka 2002.

Na katika mji wetu wa Goma alikuwako Floribert Bwana Chui. Yeye alisoma sheria, hakusoma teolojia. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Wenye mali walimletea hongo apitishe chakula kilichooza, wakidhani atawaza fedha kama wengine. Yeye aliwaza watu watakaokila. Alikataa. Walimteka, wakamwua, mwezi wa Julai mwaka 2007. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri, shahidi wa imani. Mahubiri mangapi juu ya amri ya saba yamesikika Goma tangu zamani! Lakini leo kijana wa ofisi akiwekewa bahasha mezani, ni nani amfundishaye zaidi: vitabu vya teolojia ya maadili, au Floribert? Vitabu vyaeleza kwa nini hongo ni dhambi, tena vyafaa kusomwa. Floribert ameonyesha kwamba inawezekana kuikataa hapa hapa petu.

Imebaki kumjibu yule mama tuliyemtaja mwanzoni.

Swali: Ni nani awezaye kubatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, padri asipokuwapo?
Jibu: Mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, aliyesoma au asiyesoma, mradi atake kufanya lile ambalo Kanisa hufanya.

Mama, usimtafute mwenye diploma. Mwite mwalimu kama yu karibu, kwa sababu yeye ameyazoea maneno. Kama yu mbali, mwite mkunga, au jirani, au batiza mwenyewe. Chukueni maji ya kweli, ya mto, au ya mvua, au ya kisima. Yasiwe chai wala maji ya matunda. Anayebatiza ammiminie mtoto maji juu ya kichwa, yatiririke, na wakati ule ule wa kumimina yeye huyo mwenyewe, si mwingine, aseme: Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Asiseme, Tunakubatiza. Asiongeze jina la mtakatifu wala la ukoo katikati ya maneno hayo. Kama mnataka kumpa mtoto jina, litajwe kwanza, kisha maneno yafuate.

Ikiwa mtoto atapona, msimbatize mara ya pili. Mpelekeni kwa padri njia itakapofunguka, naye atatimiza ibada zilizobaki. Na kwa hali yoyote, akipona au akifa, asubuhi yake mwalimu aandike katika daftari ya kapela jina la mtoto, na la baba na la mama yake, na la aliyebatiza, na siku, na jina la kijiji, na la mtu mmoja aliyeshuhudia. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amwandikie. Daftari hiyo mwalimu aifunge vizuri katika nailoni, isiguswe na maji, na watu wakikimbia aichukue pamoja na msalaba wa kapela, amwonyeshe padri siku watakapoonana.